Nani ana uchungu na nchi?

Mwenye gari la utalii hapa Arusha akitaka kumsifia dereva wake, mara nyingi hasemi kwamba dereva anajua kuendesha. Kuendesha wanajua wengi. Anasema, "Yule kijana ana uchungu na gari." Kila aliyewahi kuwa kwenye kazi hiyo anaelewa kinachosemwa. Kijana akikutana na rafu za kutoka Ngorongoro kushukia Serengeti anapunguza mwendo hata kama wageni wamechelewa kambini. Akisikia springi inagonga anashuka kuangalia, haongezi sauti ya redio. Gari likirudi limejaa vumbi, anataka lioshwe mpaka uvunguni. Na dereva akifukuzwa, sababu huwa ni sifa hiyohiyo imegeuzwa: "Hana uchungu na gari la watu."

Neno hilo ndilo ninalotaka kulizungumzia, kwa sababu tumeanza kulitumia ovyo, na likishachakaa hatuna jingine la kuziba pengo lake. Huzuni haitoshi. Huruma haitoshi. Hasira ndiyo kabisa, ingawa hasira ndiyo inayolinyemelea zaidi siku hizi.

Nenda kijiwe chochote cha bodaboda, Sakina au Kijenge kwa Arusha, Kiboriloni kwa Moshi. Utakuta vijana wa aina mbili wamepaki pamoja. Wa kwanza anaendesha kwa hesabu: jioni anampelekea tajiri kiasi walichokubaliana, kinachobaki ni riziki yake, na pikipiki si yake wala haitakuwa yake. Wa pili ana mkataba: analipa kidogo kidogo mpaka deni liishe, halafu anakabidhiwa kadi. Pikipiki zao zinaweza kuwa za aina moja na rangi moja. Lakini tazama mnyororo. Wa mwenye mkataba umepakwa oili, kiti kimevalishwa kava, na mvua ya ghafla ikishuka anasukuma kwanza pikipiki kwenye kibaraza ndipo ajikinge yeye. Ukimwomba mshikaki wa watu watatu anakwambia tafuta mwingine. Simlaumu wa hesabu. Kila jioni anakumbushwa kwamba anachokiendesha ni cha mtu, sasa uchungu autoe wapi? Tajiri anaweza kumwamuru awahi, aoshe, asilewe. Hawezi kumwamuru awe na uchungu.

Asili ya neno ni ulimi. Dawa chungu, majani machungu, shubiri. Na watu wa huku hatuukimbii uchungu wa mdomoni. Siku ya gulio Tengeru mafungu ya nyanya chungu yanauzwa na kuisha, mnavu unaliwa na ugali majumbani, na kule mlimani Kilimanjaro mbege, pombe ya ndizi na ulezi, haijawa mbege mpaka ulezi umechemshwa na gome la msesewa ndipo uchanganywe na maji ya ndizi. Ndizi mbivu peke yake ni tamu. Msesewa ndio unaoipa mbege ule ukali wa nyuma ya ulimi, na wanywaji wazoefu wakiukosa wanalalamika kabla hawajamaliza kata ya kwanza. Kwa hiyo wazo kwamba uchungu ni kitu cha kuondoa tu, kama mwiba mguuni, si wazo la watu wa maeneo haya.

Kutoka mdomoni neno likashuka kifuani, na huko linabadilika sura kufuatana na kitenzi kinacholibeba. Mtu anaweza kuona uchungu: "Niliona uchungu kumwacha pale peke yake." Hilo ni pigo la mara moja, linakuja na kupita. Mtu huyohuyo anaweza kuona uchungu kutoa shilingi elfu moja, na hapo tunamwita bahili. Kusikia uchungu kuko karibu zaidi na mwili. Kutiwa uchungu kunataka mwingine aliyekutia. Kuingiwa na uchungu kunakuja bila hodi. Halafu kuna viunganishi viwili vidogo vinavyofanya kazi kubwa kuliko vitenzi vyote hivyo: uchungu *wa* na uchungu *na*.

Uchungu wa unataja kilichouleta. Uchungu wa kufiwa, uchungu wa kuachwa, uchungu wa mwana ambao methali inasema aujuaye ni mzazi. Uchungu na ni habari nyingine. Rudi kwa yule dereva. Gari halijavunjika. Springi haijakatika. Hakuna hasara yoyote iliyotokea, na bado tunasema ana uchungu na gari. Anaumia kwa kitu ambacho hakijaharibika, na kwa sababu anaumia mapema, hakiharibiki. Huzuni huja baada ya msiba. Huruma humtazama mwenzako akiwa tayari ameanguka. Uchungu na unatangulia, unamfanya mtu aamke usiku kukagua kama zizi limefungwa. Sijapata neno jingine la Kiswahili linalosema hivyo kwa ufupi kiasi hicho, na ndiyo maana naumia nikiliona linafanywa kisawe cha kufoka.

Wodi ya wazazi ina matumizi yake, na nadhani ndiyo yaliyo safi kuliko yote. Mjamzito akifika hospitali akasema "tumbo linauma", muuguzi anauliza maswali. Akisema "nimeshikwa na uchungu", maswali yanabadilika: umeanza saa ngapi, unakuja na kuondoka, umepishana kwa muda gani? Halafu muuguzi haishii kwenye maneno. Anaweka kiganja juu ya tumbo, anatazama saa, anahesabu uchungu umekuja mara ngapi ndani ya dakika 10 na kila mmoja umekaa sekunde ngapi. Anapima njia imefunguka sentimita ngapi, maana mtoto hatoki mpaka zifike 10. Yote yanaandikwa kwenye chati. Uchungu unaokuja kwa nguvu saa baada ya saa na mtoto hashuki una jina lake, uchungu pingamizi, na hapo watu wanakimbizana kuandaa upasuaji kwa sababu mama na mtoto wote wawili wako hatarini. Ukiwa dhaifu, mama anaweza kuwekewa dripu ya kuuongeza. Hebu fikiria: hili ni neno la maumivu, na kuna mahali ambapo wataalamu wanaliongeza kwa makusudi, kwa sababu bila hayo maumivu hakuna kinachozaliwa.

Sehemu hiyo ya wodini inanifundisha jambo moja kuhusu sehemu nyingine zote. Mama mwenyewe ndiye anayesema ana uchungu, hakuna anayemkatalia, lakini bado kiganja kinawekwa. Na nje ya wodi, kwenye ule uchungu na, utaratibu ni mkali zaidi: kwa kawaida mwenyewe hasemi kabisa. Sijawahi kumsikia dereva akitangaza kwamba ana uchungu na gari. Anasemewa. Mama mjane anayelipa ada kwa kuuza ndizi Mbuyuni hatembei akisema ana uchungu na watoto wake. Majirani ndio wanaosema, tena hayupo. Neno hili likitumika vizuri ni ushahidi wa mtu wa tatu. Nafsi ya kwanza inalibana, kama mtu anayejiandikia barua ya utambulisho.

Sasa chukua sentensi tunayoisikia kila msimu wa kampeni, kuanzia viwanja vya mtaa mpaka uwanja wa Sheikh Amri Abeid: "Ndugu zangu, mimi nina uchungu na nchi hii." Sauti inapanda, mkono unapiga kifua, makofi yanafuata. Siwezi kuingia moyoni mwa msemaji, na wapo wanaomaanisha. Lakini sentensi yenyewe imekaa vibaya. Imechukua neno la kushuhudiwa ikalifanya neno la kujinadi. Na kwa kuwa kujinadi kunahitaji kelele, kelele zenyewe zikawa ndiyo kipimo: anayefoka zaidi ndiye mwenye uchungu zaidi. Kijana aliyezaliwa juzi, ambaye hakuwahi kulisikia neno hili kikaoni wala shambani, atajifunza hapo kwamba uchungu ni jina la heshima la hasira.

Mkoa huu una kumbukumbu ya uchungu wa aina nyingine. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru karibu 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini mashariki wa Mlima Meru, ili kuwapisha walowezi wa Kizungu waliotaka eneo la kufugia. Nyumba zilichomwa. Wameru hawakuridhika na eneo walilopangiwa, wakachangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuwasilisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Kwenye shauri hilo alikuwa pamoja nao Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi zake Moshi. Hiyo ilikuwa miaka mitatu kabla ya Julius Nyerere kusimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja huo mwaka 1955. Safari ya Kirilo haikuwarudishia watu ardhi yao wakati ule. Lakini mtu akiniuliza uchungu na ardhi ni nini, nitamwonyesha michango ile: watu waliokuwa wametoka kupoteza nyumba na malisho, wakatafuta fedha za kumtuma mwenzao ng'ambo ya bahari akazungumze kwa niaba yao. Nani alihitaji kupiga kifua?

Na Azimio la Arusha, lililopitishwa hapa Januari 1967 na kutangazwa 5 Februari mwaka huo, lina sentensi ambayo wengi wa rika la wazazi wetu waliijua kwa moyo: "Tumeonewa kiasi cha kutosha, tumenyonywa kiasi cha kutosha, na tumepuuzwa kiasi cha kutosha." Soma tena. Neno uchungu halimo. Sentensi inahesabu mambo waliyotendewa watu, moja baada ya jingine, kwa kauli ya kutendwa, na msikilizaji anauona uchungu bila kuambiwa. Unaweza kukubaliana na sera za Azimio au ukazikataa, hilo ni suala jingine. Kama uandishi, sentensi ile inajua kwamba uchungu ukitajwa sana unapungua.

Vyombo vya habari navyo vina sehemu yao. "Alisema kwa uchungu" imekuwa fomula. Mkulima aliyeliwa mazao na tembo anasema kwa uchungu, mwenyekiti wa klabu iliyofungwa bao dakika za mwisho anasema kwa uchungu, mfanyabiashara aliyepandishiwa kodi ya fremu anasema kwa uchungu. Mhariri akikutana na maneno hayo naomba amuulize mwandishi: alilia? alinyamaza katikati ya sentensi? alikataa kuendelea na mahojiano? Aandike hilo.

Lakini kuna matumizi yanayonitisha zaidi ya fomula. Ni pale mwanamume anapomjeruhi mke wake, na watu wa mtaani, wakati mwingine hata taarifa za habari, wanaeleza kwamba "aliona uchungu" baada ya kusikia habari fulani. Mara moja anageuka kutoka mshambuliaji na kuwa mtu aliyeumizwa. Huruma yetu inahama, inamwacha mwanamke aliyeko wodini inamfuata aliyeko mahabusu. Mimi nakataa neno hili litumike hapo, na nakataa kwa sababu ya maana yake lenyewe. Mwenye uchungu na kitu hukilinda. Dereva mwenye uchungu na gari haligongeshi ukutani siku aliyokasirika. Mama mwenye uchungu na mwana hamkati panga kwa sababu mwana amemwaibisha. Kilichomshika mwanamume yule kina majina yake: wivu, hasira, kiburi, tamaa ya kummiliki mtu. Lugha yetu ina maneno ya kutosha kwa ubaya huo, hakuna haja ya kuazima moja la upendo.

Hapa msomaji makini atanibana. Nimeanza na pikipiki ya mkataba, nikasema uchungu unakuja na umiliki. Sasa yule mume naye si anadai kwamba mke ni "wake"? Swali ni la haki. Jibu liko kwenye -angu. Kiswahili kinasema gari langu, mama yangu, kijiji changu, msiba wangu, kwa kiambishi kilekile, na ni gari peke yake ninaloweza kuliuza. Uchungu unafuata -angu hii pana, ile ya kuwajibika. Anayeelewa -angu moja tu, ya kuuza na kununua, ataona uchungu kwa pikipiki na hataujua uchungu kwa mtu.

Na -angu hiyo pana inaweza kutanuka kuliko tunavyotarajia. Tarehe 6 Mei 2017 basi lililokuwa limebeba wanafunzi wa shule ya msingi kutoka Arusha lilitumbukia korongoni huko Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Siku ya kuaga miili pale uwanjani Sheikh Amri Abeid walijaa watu ambao hawakuwa na mtoto kwenye basi lile, hawakuijua shule, wengine hawakuwa na mtoto kabisa. Methali inasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Siku ile mji mzima ulikuwa mzazi, na hakuna aliyeona ajabu. Na ule haukuishia kwenye kulia. Kwa muda mrefu baada ya pale, wazazi wa mji huu walikuwa wakiuliza mambo ambayo hawakuzoea kuyauliza: basi lina mikanda? limebeba wangapi? nani anaendesha? Hapo uchungu wa ulikuwa umeshageuka uchungu na.

Kanisani neno lina njia nyingine. Waebrania 12:15 inaonya kuhusu shina la uchungu lisije likachipuka, na wahubiri wa Moshi na Arusha wanaitumia sana kuwataka watu wasamehe. Maana hiyo, ya chuki iliyokaa ndani, kwa mazungumzo ya kawaida tunaiita kinyongo, na neno kinyongo nalo limebeba nyongo yake ndani. Siipingi tafsiri. Nasema tu kwamba mtu akitoka ibadani asidhani ameagizwa kuukata uchungu wote. Kuna pia wingi wake, machungu, tunaoutumia kwenye ushuhuda: "nimepitia machungu." Machungu yana faida ya kuwa nyuma yako.

Mahali ambapo neno bado linafanya kazi yake yote ni kwenye vikao vya ukoo huko mlimani, likija suala la kihamba, shamba la ukoo la Wachagga. Kihamba si kiwanja. Ni migomba, mibuni chini ya migomba, mfereji ulipopitia, na makaburi ya wazee waliolala humohumo. Kahawa ikianguka bei, kama ilivyoanguka vibaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana wengi walio mijini wanaona pale pana pesa iliyolala. Anakuja mmoja, amevaa vizuri, na hoja zake zimepangwa: barabara ya lami imefika, mnunuzi yupo, kila mtu atapata fungu lake, wengine wanaweza hata kusomeshea. Hoja hazina ubaya. Wapo walioshindwa kusomesha kwa sababu ya kung'ang'ania udongo.

Kisha shangazi anayeishi palepale, ambaye muda wote alikuwa anamenya ndizi na ungedhani hasikilizi, anasema: "Wewe huna uchungu nacho." Mjadala wa bei unasimama, kwa sababu ameuondoa kwenye bei. Hakusema kwamba yeye anao. Hakuna kikaoni asiyejua nani hupalilia, nani alichimbua mfereji ulipoziba, nani alikesha na mgonjwa kwenye ile nyumba ya mabati mabovu. Kijana anaweza kujibu kwamba anatuma hela kila Krismasi, na kweli anatuma, na hilo nalo lina uzito wake. Mzee wa ukoo atalipokea. Halafu atamuuliza mgomba upi kati ya ile pale nje aliupanda yeye, na kikao kitasubiri jibu kabla ya kurudi kwenye suala la mnunuzi.